Yaya, Mwanamke Kupenda Filamu za Ngumi Ni Kosa?

Wiki hii nina barua mbili mkononi. Walioziandika hawafahamiani, lakini ugomvi wao ni mmoja.

Ya kwanza imetoka kwa binti anayeuza vitenge sokoni hapa kwetu Rubaya, Masisi. Anasema kadi yake ya memori imejaa filamu za zamani: Bruce Lee, Komando, Rambo ile ya kwanza kabisa. Mchumba wake, mchimbaji wa koltani, kila akimkuta anatazama humwambia, "Hizo ni za wanaume. Wewe tafuta za Kihindi, ulie vizuri." Ilianza kama mzaha. Sasa bwana ameshatamka kwamba wakioana filamu hizo zifutwe. Ya pili ni ya kijana anayebeba magunia mgodini. Alikwenda ukumbi wa video, wakawekewa filamu ya Kihindi, Sholay, na shujaa wake Jai alipokata roho machozi yakamdondoka mbele za watu. Tangu siku hiyo wenzake wanamwita "mama". Anauliza: Yaya, nina kasoro gani?

Huna kasoro, mdogo wangu. Lakini ngoja nimalizane na dada yako kwanza, maana lake lina ndoa ndani.

Binti, mchumba wako anazilinda filamu ambazo sidhani kama amewahi kuzitazama akiwa ametulia. Muulize Bruce Lee alifuata nini kisiwani kwa yule adui yake, Han, katika Enter the Dragon, ile ya mwaka 1973. Atakujibu: mashindano ya kupigana. Mwambie arudishe nyuma kidogo. Bruce Lee alikuwa na dada, Su Lin, aliyechezwa na Angela Mao. O'Hara, mlinzi wa Han, na genge lake wanamkimbiza dada huyo vichochoroni, naye anawaangusha mmoja baada ya mwingine, hadi wanapombana ndani ya ghala. Hapo anaona heri ajichome kwa kipande cha kioo kuliko kuingia mikononi mwao. Mtoe Su Lin, na Bruce Lee hana kisasi cha kulipa. Na Angela Mao hakuletwa kupamba picha. Mwaka uliotangulia alikuwa ndiye nyota wa Hapkido. Hata kabla ya Bruce Lee kuvuma, Hong Kong ilikuwa na filamu za panga ambazo shujaa wake ni mwanamke. Cheng Pei-pei alishika upanga katika Come Drink with Me mwaka 1966, na wanaume walipanga foleni kumtazama.

Haya, Komando ya mwaka 1985. Schwarzenegger anateketeza kisiwa kizima kwa sababu wamemteka binti yake. Ni baba anamtafuta mtoto, basi. Tena polisi wanapomkamata, anayemwokoa ni Cindy, mhudumu wa ndege, anayebeba kombora begani na kulishika kinyumenyume, likalipuka nyuma yake, ndipo analigeuza na kulenga sawasawa. Hapo ukumbini wote hucheka, kisha hupiga makofi. Sijawahi kuona mwanamume akitoka nje kwa sababu mwenye kombora ni mwanamke.

Na Rambo? First Blood ya mwaka 1982 wengi huikumbuka kwa lile jisu na ule msitu. Wanasahau inavyokwisha. Rambo amekaa chini, amemng'ang'ania kanali wake, analia kwikwi huku akisimulia jinsi rafiki yake alivyolipuliwa na bomu. Huyo ndiye vijana wetu wanafunga vitambaa kichwani ili wafanane naye. Basi kijana wa barua ya pili akiitwa "mama", Rambo naye tumpe jina gani?

Sasa tuziangalie hizo "za kulia" anazokutuma mchumba wako. Aanze na Mother India ya mwaka 1957. Nargis ni mama aliyeachwa na mume, anajifunga jembe mwenyewe kama ng'ombe ili alime, analea wanawe kwa njaa. Ukiishia hapo utasema kweli, ya wanawake. Ila mwanawe Birju anakuwa jambazi, anapanda farasi, anavamia harusi na kumteka bibi harusi, na mama huyohuyo anainua bunduki na kumpiga risasi mtoto wake wa kumzaa. Farasi wamo, moto umo, risasi imo. Nikabidhiwe kalamu niiandike kwenye daftari la wanawake au la wanaume, kwa kweli nitakwama.

Najua kuna atakayesema: wanawake wa Masisi wameona bunduki za kutosha, wapendee nini filamu za vita? Hoja hiyo naiheshimu. Hapa petu mlio wa risasi si wa kuigiza, na wapo wenzetu ambao wakisikia mlio huo hata kwenye televisheni ya jirani mwili unawasisimka. Asiyetaka asilazimishwe. Lakini sikilizeni jambo moja kuhusu kisiwa cha Han. Katika Enter the Dragon imeelezwa wazi kwamba bunduki haziruhusiwi kule; Han mwenyewe anaziogopa. Ndiyo maana kila ugomvi unamalizwa kwa mikono na miguu, na mnyonge aliyejifunza ana nafasi. Msichana wa Rubaya akipenda kutazama mahali pa namna hiyo kwa saa moja na nusu, mimi namwelewa kabisa, na sioni haja ya kumtafutia ruhusa.

Basi mgawanyo huu ulitoka wapi? Kwa sehemu ulitoka kwa wafanyabiashara. Hollywood ya miaka ya 1930 na 1940 iliamini kwamba mwanamke ndiye anayeamua familia iende kutazama nini, kwa hiyo ilitengeneza filamu chungu nzima za akina Bette Davis, wanawake wenye mapenzi, ndoa na maamuzi magumu. Baadaye, miaka ya 1960, kampuni moja ya Marekani, American International Pictures, ikapiga hesabu nyingine: msichana atatazama chochote anachotazama mvulana, lakini mvulana hatatazama cha msichana, kwa hiyo lenga kijana wa kiume wa miaka 19 na wote watakuja. Soma tena hesabu hiyo. Imekiri yenyewe kwamba wasichana wanapenda hizo filamu. Ilichokosa ni sababu tu ya kuwahangaikia, kwa kuwa tiketi zao zimeshapatikana.

Sehemu nyingine tuliitengeneza wenyewe. Kinshasa ya miaka ya 1950, ikiitwa bado Léopoldville, ilikuwa na vijana walioitwa Bills, waliomwiga Buffalo Bill wa filamu za makauboi: kofia, mwendo, lugha yao, mitaa waliyoigawana kama nchi. Kwao sinema ikawa shule ya uanaume. Mahali vijana wa namna hiyo wamepageuza himaya, msichana atapita mbali, si kwa kuchukia farasi. Miaka mingi baadaye watu wanasema, unaona, wanawake hawapendi makauboi.

Tazameni ilivyokuwa Zanzibar, ambako mlango ulifunguliwa kwa namna nyingine. Enzi hizo za miaka ya 1940 na 1950 kulikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, wakaja na mabuibui yao na watoto wao, wakajaza viti. Filamu ya Kihindi ikiingia, nakala moja iliweza kuonyeshwa kwenye kumbi mbili usiku mmoja: reli ikimalizika huku, kijana anaipakia kwenye baiskeli anakimbilia kule, na akichelewa watazamaji wanapiga kelele. Awaara ya mwaka 1951 ilipofika Afrika Mashariki iliwateka wote. Raj Kapoor alikuwa mwizi mwenye kofia ya upande na wimbo mdomoni. Nargis ndiye wakili anayemtetea mahakamani. Hakimu aliyemfukuza mke wake mjamzito anagundua kwamba mshtakiwa ni damu yake. Wanaume wa pwani waliitazama tena na tena. Hakuna aliyewaita mama.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa vitenge, ukitaka kujua kwa nini Rubaya inaonekana filamu za zamani ni za wanaume, acha filamu kidogo uangalie ukumbi. Unaanza kuchangamka saa ambazo wewe uko jikoni unasonga bugali. Mabenchi yamebanana, gizani, wengine wamelewa. Kiingilio wanalipa waliopokea pesa za mgodi jioni hiyo. Halafu kuna sauti. Kwetu wengi wanatazama filamu zilizosimuliwa kwa Kinyarwanda, na aliyeifungua njia hiyo ni Yanga, aliyefariki mwaka 2022. Mdogo wake Junior Giti anaendelea na kazi. Dar es Salaam walikuwa na Lufufu, Kenya wana DJ Afro. Nawapenda wote, nisieleweke vibaya, mimi mwenyewe nimecheka na Yanga mpaka mbavu zikaniuma. Lakini wasimulizi karibu wote ni wanaume, na wanasimulia kwa kijiwe cha wanaume. Su Lin anapigania uhai wake, msimulizi anatania kuhusu umbo lake. Unatoka ukidhani umetazama filamu ya Bruce Lee, kumbe umetazama ya msimulizi. Siku moja itazame bila msimulizi, hata kama maneno huyaelewi. Utashangaa uso wa Angela Mao unavyosema.

Sasa mchumba. Tenganisha mambo mawili, maana yeye ameyachanganya. Kama hoja yake ni kwamba ukumbi usiku si salama kwako, msikilize. Barabara za kwetu tunazijua, na mtu anayekuhofia hakutukani. Tafuteni njia: tazama nyumbani, au nendeni pamoja. Lakini kama hoja yake ni kwamba mwanamke hapaswi kupenda anachokipenda yeye, hapo usicheke ukapita. Yeye kutozipenda za Kihindi ni haki yake. Kukupangia wewe upende nini hakumo kwenye mahari. Leo ni kadi ya memori, kesho itakuwa kitu kingine. Mwambie mapema, kwa upole, mbele ya shangazi yake ukipenda, kwamba hakuna kitakachofutwa. Halafu mwekee Komando, keti karibu naye, usiseme neno mpaka ile sehemu ya Cindy. (Na umkumbushe kwamba Umoja wa Mataifa unakadiria kama asilimia 15 ya koltani ya dunia inatoka Rubaya. Simu unayotazamia huenda ina kipande cha mlima anaouchimba. Mwenye jasho lake ndani ya simu asione wivu na kilichomo kwenye kioo.)

Ushauri mwingine, na huu ni wa wote: kusanyeni wanawake kumi, kumi na tano, mwende kwa mwenye ukumbi mchana. Msiende kulalamika, nendeni na pesa. Jumapili baada ya ibada mabenchi yake yako wazi, sola imepata jua, jenereta haihitajiki. Mwambieni mnataka saa mbili za wanawake, filamu mchague nyinyi, na mlangoni akae mtu mnayemwamini. Mfanyabiashara hakatai faranga. Mkitaka kuwaruhusu wanaume, waruhusuni, ila wakae nyuma.

Nawe kijana wa magunia. Ulilia Jai alipokufa, na ninajua ni sehemu gani hasa. Ni pale Veeru, rafiki yake, anapookota ile sarafu. Filamu nzima Jai amekuwa akirusha sarafu kuamua nani abaki na nani aende, na kila mara bahati inamwangukia anavyotaka; sasa amekufa, Veeru anaigeuza sarafu na kukuta pande zote mbili ni sawa. Rafiki yake alikuwa amechagua kufa tangu mwanzo. Mtu anayefanya kazi kwenye mashimo, ambaye kila asubuhi anaingia na mwenzake na hajui kama watatoka wote, asipolia hapo atalia wapi? Hao wanaokucheka walikuwepo mpaka mwisho, la sivyo wasingejua ulilia wakati gani. Wakikuita "mama" tena, waulize nani kati yao ataiona sarafu hiyo kwanza akiwa shimoni. Au usiwaulize chochote, walipie chai, uendelee kwenda ukumbini. Shauri lako.

Kuna aliyeniuliza pia kwa ujumbe mfupi kama Titanic ni ya wanawake. Nilimjibu ni ya aliyelipa tiketi. Kisha nikakumbuka kwamba kaka zangu watatu waliijua kwa moyo na walidai wanaangalia meli.

Mkishapata hiyo Jumapili yenu, anzeni na Mother India, ni ndefu, hivyo mbebe maji na mandazi, na watoto wadogo waacheni kwa bibi yao. Mwenye nakala nzuri aniletee sokoni kwa yule binti wa vitenge; yangu inakatika harusini, Birju akiwa ndiyo kwanza anashuka farasi.