Bagamoyo kwa Siku Moja: Tembea Kuelekea Baharini

Wageni wengi hufika Bagamoyo, wakapiga picha mbele ya Ngome Kongwe, wakala samaki, wakageuza. Mji huu unastahili zaidi ya hapo, na siku moja inatosha mradi uupange mwendo wako uishie ufukweni, kama ilivyoishia misafara iliyotoka Ujiji na Tabora.

Hatua ya 1: Tafuta mwongozaji mapema. Awe mwenyeji na awe na kitambulisho. Kubalianeni ujira na vituo kabla ya kuanza, si mwisho wa safari. Ijumaa adhuhuri watu wapo msikitini, na Jumapili asubuhi misheni ina ibada, kwa hiyo siku ya kazi ni afadhali. Beba noti ndogondogo za viingilio, maji, kofia, na kanga ya kujistiri.

Hatua ya 2: Ondoka Dar es Salaam saa kumi na mbili asubuhi. Ni kilomita zipatazo 65 kupitia Tegeta, Bunju na Mapinga.

Hatua ya 3: Anzia Kaole, kusini mwa mji, jua likiwa bado la upole. Bodaboda au bajaji itakufikisha. Hapa pana magofu ya misikiti, mmoja wa karne ya 13, na makaburi ya mawe ya matumbawe, mengine yenye nguzo. Nasisitiza uanzie hapa kwa sababu anayeanzia kwenye majengo ya Wajerumani hudhani historia ya mahali hapa ililetwa na meli zao. Usiegemee kuta wala usikanyage makaburi. Chokaa ile imeshachoka, na wapo wanaokuja kuomba dua.

Hatua ya 4: Nenda misheni ya Wakatoliki, iliyoanzishwa na Mapadri wa Roho Mtakatifu mwaka 1868. Tenga saa mbili nzima. Ndani ya makumbusho utaona habari za watumwa waliokombolewa na kupewa makao hapa. Kisha simama chini ya mnara wa kanisa la zamani, mahali ulipolazwa mwili wa David Livingstone Februari 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar. Mwambie mwongozaji akusimulie kwanza waliombeba. Livingstone alifariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Abdallah Susi, James Chuma na wenzao waliukausha mwili wake, wakaufunga, wakatembea nao kwa miezi mingi hadi pwani hii. Jacob Wainwright, mmoja wao, alisafiri na jeneza hadi Uingereza. Susi na Chuma walifika huko baada ya maziko. Kila nikisimama pale huwawaza wao.

Hatua ya 5: Pata chakula cha mchana, kisha ingia Mji Mkongwe kwa miguu. Ngome Kongwe ilijengwa mwaka 1860. Boma la Wajerumani ni la 1897, miaka sita baada ya makao makuu ya koloni kuhamia Dar es Salaam. Ulizia habari za vita vya Abushiri vya 1888 na 1889, na uoneshwe mahali Wajerumani walipowanyongea waliowapinga. Ukisimuliwa jambo zito, uliza kwa adabu: limeandikwa, au ni mapokeo ya wazee? Mwongozaji mzuri hatakasirika. Ukipita vibarazani, waamkie wazee shikamoo kabla ya kutoa simu ya kupigia picha.

Hatua ya 6: Malizia ufukweni, karibu na jengo la forodha la zamani na soko la samaki. Omba ruhusa kabla ya kuwapiga picha wavuvi, wako kazini. Hapa ndipo pembe za ndovu zilipotuliwa ili zipakiwe majahazini kwenda Zanzibar. Miongoni mwa waliozibeba walikuwamo wapagazi wa ujira, Wanyamwezi wengi, na walikuwamo pia watumwa. Jina la mji husimuliwa kwa njia mbili: mpagazi aliubwaga moyo kwa kupumua, safari imekwisha, mtumwa aliubwaga kwa kukata tamaa, akijua bara lake halioni tena. Kaa mchangani na mwongozaji wako, umuulize nyumbani kwao alikua akisikia ipi.

Panda gari la kurudi kabla ya magharibi.