FYUZI INAYOKATIKA: UMEME WA REDIO YA GARI LA ZAMANI

Land Rover na magari mengine ya miaka ya 1950, yaliyofanya kazi katika mashamba ya miteremko ya Mlima Meru na katika barabara za vumbi za Arusha, yalikuwa ya zama za vali. Transista ilivumbuliwa Marekani mwaka 1947, na redio ya kwanza ya gari iliyotumia transista tupu, ambayo Philco iliitengenezea kampuni ya Chrysler, ilitangazwa mwaka 1955. Kabla ya hapo redio ya gari ilitegemea vali za kioo.

Redio ya namna hiyo ikiletwa leo kwa fundi, ugonjwa wake mara nyingi ni huu: fyuzi hukatika kila inapowashwa. Fundi asiye na subira huweka fyuzi nene zaidi. Makala haya yanaeleza kwa nini tendo hilo ni la hatari, na jinsi fizikia ya sekondari inavyotosha kuutafuta ugonjwa wenyewe.

1. Tatizo la volti

Betri ya gari ina seli 6, na kila seli hutoa karibu volti 2. Jumla ni volti 12. Vali huhitaji volti 200 hadi 250 ili anodi yake izivute elektroni kutoka kathodi. Transfoma huweza kukuza volti, lakini kwa sharti moja: uga wake wa sumaku lazima ubadilike daima. Mkondo wa betri ni mnyofu, haubadiliki. Ukiunganishwa na transfoma moja kwa moja, utaipasha moto tu.

2. Kitetemeshi

Wahandisi walilitatua tatizo hilo kwa kitetemeshi, ambacho mafundi hukiita vaibreta. Ni kopo dogo la bati linalochomekwa kama vali. Ndani yake mna ulimi wa chuma, sumaku-umeme na ncha za kugusana. Hufanya kazi kama kengele ya umeme: sumaku huuvuta ulimi, mkondo wa sumaku hukatika, ulimi hurudi, na mkondo huanza upya. Katika vitetemeshi vingi jambo hilo hutokea mara 115 hivi kwa sekunde.

Ulimi ukienda upande mmoja, mkondo hupita katika nusu moja ya koili ya kwanza ya transfoma. Ukienda upande wa pili, hupita katika nusu nyingine, na uga wa sumaku hugeuka. Volti kubwa inayotoka katika koili ya pili hunyooshwa na vali maalumu, kisha huchujwa na kapasita kubwa. Mvumo unaosikika redio inapowashwa ni sauti ya ulimi huo.

3. Kapasita ndogo yenye kazi kubwa

Ncha zinapoachana, uga wa sumaku huporomoka ghafla na kuzua volti kubwa kupita kiasi. Kapasita iliyofungwa kati ya miisho ya koili ya pili huipokea nishati hiyo. Uwezo wake ni kama mikrofaradi 0.01, lakini lazima istahimili volti 1,600 au zaidi.

Kapasita za zamani zilitengenezwa kwa karatasi, nazo huharibika kwa umri na unyevu. Ikikatika ndani, ncha hutoa cheche, huungua, na mwishowe hugandana. Ikivujisha umeme, transfoma huelemewa. Kwa hiyo fundi anayebadilisha kitetemeshi na kuiacha kapasita ya zamani ataunguza kitetemeshi kipya pia. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

4. Hesabu ya fyuzi

Chukua redio inayohitaji volti 220 na ampea 0.06:

220 × 0.06 = wati 13.2

Ikiwa ufanisi ni asilimia 65, betri lazima itoe 13.2 ÷ 0.65, yaani karibu wati 20.3. Kwa volti 12 huo ni mkondo wa ampea 1.7. Ongeza ampea 1.3 za nyuzi za vali. Jumla ni ampea 3. Fyuzi ya ampea 5 inatosha.

Sasa tuseme ncha zimegandana, na ukinzani wa nusu ya koili ni omu 0.4. Mkondo utataka kufikia 12 ÷ 0.4 = ampea 30. Joto katika waya hukua kwa mraba wa mkondo: mkondo ukizidi mara 10, joto huzidi mara 100. Fyuzi nene huruhusu joto hilo liiunguze transfoma, na hata gari lenyewe.

5. Hatua za uchunguzi

(a) Weka balbu ya breki ya wati 21 mahali pa fyuzi. Ikiwaka kwa nguvu zake zote, njia ya mkato ipo.

(b) Chomoa kitetemeshi. Balbu ikiendelea kuwaka vivyo hivyo, kosa liko katika waya za kuingizia umeme au za nyuzi za vali.

(c) Ikififia, kosa liko katika kitetemeshi, kapasita ya kinga, transfoma au sehemu ya kunyoosha mkondo.

(d) Badilisha kapasita ya kinga kwanza, ndipo ujaribu kitetemeshi kingine.

6. Tahadhari

Volti 250 huweza kuua, na kapasita za kuchujia hubaki na chaji baada ya redio kuzimwa. Zimalize chaji kwa kizuiaji cha kiloomu 10 kabla ya kugusa. Tena, magari mengi ya Uingereza ya wakati huo yalifungwa ncha chanya ya betri kwenye bodi; hakikisha hilo kabla ya kuunganisha.

Vitetemeshi vimepitwa na wakati, lakini kanuni yake inaishi. Chaja ya simu katika gari, na inveta ya umeme wa jua, hukatakata mkondo mnyofu vivyo hivyo. Ila transista imechukua nafasi ya ulimi wa chuma, nayo hufanya kazi hiyo kwa kasi kubwa zaidi.

Maswali

1. Kokotoa mkondo wa wati 20.3 kutoka betri ya volti 6.
2. Kwa nini transfoma haifanyi kazi kwa mkondo mnyofu usiobadilika?
3. Chora mzunguko wa kengele ya umeme, kisha uulinganishe na kitetemeshi.