Je, Gari Lenu Huoshwa Hadi Chini?

Wapenzi wanandoa, tuchukue mfano wa mume na mke wanaoishi Rongo. Mume hufundisha upande wa Homa Bay. Mke huuza nguo sokoni Migori. Kwa mkopo wa chama cha ushirika wamenunua gari lililotumika Japani. Kila Jumamosi jioni mume huliosha na kulipangusa mpaka ling'ae, ili Jumapili wafike kanisani bila aibu. Chini hapagusi. Tangu mvua za Aprili mke anasikia mlio mgeni upande wa nyuma, lakini kila akisema hujibiwa, "Mama watoto, mambo ya gari niachie mimi." Basi ananyamaza. Siku moja kwenye mteremko, watoto wakiwa ndani, mume anakanyaga breki na kanyagio linazama hadi sakafuni. Paipu ya breki imeliwa na kutu.

Juu gari liling'aa, chini lilioza. Nyumba ngapi ziko hivyo?

Kutu hutoka wapi?

Chuma hushika kutu kikikutana na maji na hewa, na chumvi huharakisha kazi hiyo. Katika nchi za baridi kali, kama Kanada na Uingereza, watu humwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke. Magurudumu huirusha chini ya gari, nayo hujificha kwenye pembe na mikunjo ya chuma. Kwa hiyo wenyeji huosha chini ya magari yao mara kwa mara majira ya baridi, na tena baridi inapokwisha.

Sisi hatuna theluji, na maji ya ziwa letu hayana chumvi kama ya bahari. Hata hivyo, jambo hili linatuhusu kwa njia mbili.

Kwanza, magari mengi tunayonunua yalitumika Japani kabla ya kushushwa Mombasa. Lililotoka sehemu zenye theluji nyingi, kama Hokkaido, huenda likaja na kutu yake. Kabla ya kulipa, lipelekeni kwenye gereji yenye shimo mlitazame chini, ninyi wawili pamoja na fundi.

Pili, tuna matope. Udongo mweusi wa Ndhiwa na bonde la Lambwe hunata, na hutunza unyevu siku nyingi baada ya barabara kukauka. Chuma kilichofunikwa na udongo huo ni kama mguu uliofungwa kitambaa kibichi: jua huwaka, wenyewe haukauki. Na mkibeba samaki wa chumvi, maji yanayodondoka yaoshwe siku hiyo hiyo.

Jinsi ya kuosha

1. Osheni matope yakiwa bado laini. Yakikauka, yaloweshe kwanza. Msidhani mvua itawaoshea. Mvua huosha juu tu.

2. Kwa mpira wa maji, anzeni ndani ya madigadi, kisha fremu, springi na kuzunguka tangi la mafuta. Pampu yenye nguvu isielekezwe kwa karibu kwenye nyaya za umeme.

3. Zibueni matundu madogo yaliyo chini ya milango. Yakiziba, maji hukaa ndani na mlango huoza.

4. Mtu asiingie kamwe chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Tumieni shimo la gereji.

5. Msiingize gari ziwani wala katika Mto Kuja. Grisi na mafuta yake yatakwenda katika ndoo ya jirani yenu.

6. Mkimaliza, endesheni polepole mkikanyaga breki mara kadhaa ili zikauke. Kisha kagueni. Kutu ya juu juu hukwanguliwa na kupakwa rangi ya kuzuia kutu. Paipu ya breki iliyoliwa haipakwi rangi, hubadilishwa.

Kazi ya wawili

Bwana, mkeo akisema amesikia mlio, hakudharau ujuzi wako. Ameketi upande mwingine wa gari, na pengine anasikia usichosikia. Mshukuru, kisha ukatazame. Bibi, usinyamaze kwa kuwa ulijibiwa vibaya juzi. Chagua saa nzuri, baada ya chakula, useme tena. Na fedha ya kuosha chini iandikwe pamoja na ya unga na karo, isingojee kubaki. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Maswali ya kuzungumzia nyumbani

1. Ni lini mara ya mwisho tulipotazama chini ya gari letu?

2. Je, kuna mlio ambao mmoja wetu anausikia na hajausema? Kwa nini?

3. Mvua zijazo zikianza, nani ataosha, lini, na kwa fedha ipi?