Naanzaje kuhama kutoka sigara kwenda vepu?

Swali: Nina miaka 41, naishi Leicester, navuta pakiti moja ya sigara kwa siku. Nilipojaribu vepu ya rafiki nilikohoa hadi machozi. Nifanyeje?

Jibu: Wengi wanaoanza hukohoa kwa sababu huvuta kwa pupa, kama sigara. Vuta taratibu, kisha pumzika kidogo. Kwa mvutaji wa pakiti nzima, nikotini ikiwa kidogo mno utarudia sigara. Anzia karibu na miligramu 20 kwa mililita, kiwango cha juu kinachoruhusiwa Uingereza, kisha upunguze polepole. Ukisikia kizunguzungu au kichefuchefu, umezidisha. Ukishajaza kifaa kipya maji ya vepu, kiache kama dakika kumi pamba ya ndani ilowe, la sivyo utavuta ladha ya kuungua.

Sigara iache kabisa. Ukichanganya vyote viwili, lami na kaboni monoksidi ya moshi bado unazivuta. Vepu ina madhara machache kuliko sigara, lakini haikosi madhara, na asiyevuta asiianze. Maji yake ni sumu. Yafungie mbali na watoto. Huduma za NHS za kuacha sigara ni bure. Waulize pia kuhusu bandiko na jojo za nikotini.