Maji ya vuguvugu: Funzo kutoka Thailand

Msomaji, je, unapotoka juani hukimbilia maji ya barafu? Waganga wa jadi wa Thailand wangekukanya. Kwa elimu yao, mwili hutokana na asili nne: ardhi, maji, upepo na moto. Sehemu zake ni 42, na 12 kati ya hizo ni za maji, zikiwemo damu, jasho, machozi na mkojo. Mioto ni minne, na mmoja husaga chakula tumboni. Maji baridi, wasema, huupoza moto huo. Basi heri ya vuguvugu, kidogo kidogo.

Sisi madaktari wa hospitali hatuutambui moto huo, na maji baridi yaliyo safi hayamdhuru mwenye afya. Lakini kuyapasha maji moto tu hakutoshi. Yachemshe yatokote dakika moja kamili ili kuua viini vya kipindupindu na homa ya matumbo. Mkaazi wa Eldoret au Nyahururu, palipo zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, ayape dakika tatu. Kisha yafunike yapoe.

Mkojo wa manjano hafifu huonyesha kuwa maji yanatosha. Ukikoza rangi, ongeza. Hata hivyo, mgonjwa wa moyo au figo aliyewekewa kipimo na daktari asikizidishe. Na mwenye kiu isiyokatika, tena akojoaye mara kwa mara, asiridhike na maji. Aende akapimwe sukari.