Tegu wa Nguruwe na Kifafa: Njia Mbili Tusizichanganye



Vikundi vingi huku magharibi mwa Kenya vinafuga nguruwe, na sababu inaeleweka. Nguruwe huzaa watoto wengi kwa mara moja, hukua upesi, na akiuzwa Januari karo inapatikana. Hatuandiki somo hili ili muache kufuga. Tunaandika kwa sababu kuna mnyoo anayezunguka kati ya nguruwe na binadamu, na sisi wenyewe kwa muda mrefu tulimfundisha nusu nusu.

Tulikuwa tukisema, "Pikeni nyama ya nguruwe iive, basi, mko salama." Siku moja mama mmoja akasimama mkutanoni akasema: "Mtoto wangu ana kifafa. Hospitalini walimpiga picha ya kichwa, wakasema ni watoto wa mnyoo wa nguruwe. Na sisi nyumbani hatuli nguruwe hata kidogo. Aliwapata wapi?" Tulinyamaza. Tulirudi tukasoma upya, na haya ndiyo tuliyopaswa kufundisha tangu mwanzo.

Tegu anavyoishi

Tegu ni mnyoo bapa kama utepe. Yule wa nguruwe akikomaa hufika mita 2 hadi 4, pengine zaidi. Huyo mkubwa hakai ndani ya nguruwe. Anakaa ndani ya utumbo wa binadamu. Kichwa chake ni kidogo kama cha pini, kina vinyonyo 4 na vikulabu vya kujishikilia. Mwili wake ni vipande vilivyoungana, na vile vya mwisho vikikomaa hukatika na kutoka pamoja na choo. Kipande kimoja chaweza kuwa na mayai kama 50,000, madogo hata macho hayayaoni. Mwenye tegu mara nyingi haumwi kitu. Labda tumbo kidogo, labda anaona vipande vyeupe chooni akanyamaza kwa aibu.

Nguruwe akila choo hicho kichakani, mayai hupasuka ndani yake. Vijidudu hutoboa utumbo, huingia kwenye damu na kwenda kukaa kwenye nyama: ulimi, moyo, mabega, mapaja. Huko hugeuka vifuko vyeupe vyenye maji, kama punje za mchele uliopikwa. Baada ya miezi 2 au 3 viko tayari. Mtu akila nyama hiyo haijaiva, kifuko kimoja chatosha kumpa tegu. Hiyo ndiyo njia ya kwanza, na kupika vizuri huikata. Nyama iliyoungua nje na ndani bado nyekundu haijaiva, hata kama ni ya arusi.

Njia ya pili

Hapa ndipo watu huchanganyikiwa. Binadamu akimeza mayai, siyo nyama, mwili wake hutendwa kama wa nguruwe. Vijidudu huingia kwenye damu, na vingine hufika kwenye ubongo na kujenga vifuko humo. Vinaweza kukaa miaka bila dalili. Baadaye, hasa vinapokufa, ubongo huvimba mahali hapo na mtu huanguka kifafa. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika maeneo yenye tegu huyu, karibu asilimia 30 ya watu wenye kifafa wameupata kwa njia hii.

Sasa mayai yanatoka wapi? Kwa binadamu mwenye tegu, si kwa nguruwe. Mtu ametoka chooni hakunawa, akakata kachumbari. Au ametumia kichaka, mvua ikasomba uchafu hadi kisimani au kwenye shamba la mboga. Kumbe yule mtoto angeweza kuupata bila kuonja nyama ya nguruwe maishani mwake. Mwenye tegu pia anaweza kujiambukiza kwa mikono yake mwenyewe.

Tukisema hivi hatutaki mtu aanze kumnyoshea jirani kidole. Mwenye tegu kwa kawaida hajui. Na aliyeanguka kifafa hakurogwa, wala povu lake haliambukizi. Tumeona watoto walioungua kwa sababu waliangukia jikoni na watu wakaogopa kuwashika. Mshike, mtoe motoni, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, kisha mpeleke kliniki.

Nguruwe akifunguliwa

Utafiti uliofanyika Busia na kuchapishwa mwaka 2013 uliwafunga nguruwe huria vifaa vya kufuatilia mwendo. Kwa wastani nguruwe mmoja alitembea zaidi ya kilomita 4 kwa saa 12. Kwa hiyo choo chako kizuri hakimlindi nguruwe wako kama anashinda kwa jirani asiye na choo. Afungiwe bandani na aletewe chakula. Tunajua lishe ni ghali, na hilo ndilo linalowashinda wengi. Lakini nguruwe mwenye vifuko hana soko.

Wanunuzi humfungua mdomo na kutazama chini ya ulimi. Wakiona uvimbe wanakataa. Wasipoona, msishangilie mapema, kwa maana mwenye vifuko vichache hupita mtihani huo. Mkaguzi wa nyama aitwe kila mnapochinja. Ipo pia dawa ya nguruwe, oksifendazoli, lakini mwulizeni afisa wa mifugo juu ya kipimo na muda wa kungoja kabla ya kuchinja.

Kwa binadamu, anayeona vipande vyeupe aende zahanati apimwe. Asijinunulie dawa kali ya tegu, hasa kama amewahi kuanguka kifafa. Dawa nyingine zikigusa vifuko vya ubongoni huleta degedege na hatari kubwa. Hiyo ni kazi ya hospitali. Naye mwenye kifafa asiache vidonge vyake kwa sababu amepata nafuu mwezi mmoja.

Mkikutana tena, kabla ya kuhesabu pesa za mzunguko, jadilianeni: boma ngapi za wanachama zina choo kinachotumiwa na kila mtu, hata watoto wadogo? Maji ya kunawa yako karibu nacho, au yako jikoni? Nguruwe wangapi leo asubuhi walikuwa nje? Kikundi kimoja tulichotembelea kilikuta boma 7 kati ya 19 hazina choo. Walikubaliana zamu ya kuchimbiana, boma moja kila mwezi, na walianza na la jirani ambaye si mwanachama, kwa sababu nguruwe wao walikuwa wakishinda huko.