Vijidudu Vinavyotaja Siku ya Kifo



Katika somo la mirathi tulikwama mahali pamoja. Baba na mwanawe wamekufa maji katika mtumbwi mmoja: nani alitangulia? Isipojulikana, rai ya wanazuoni wengi ni kwamba hawarithiani. Mjane naye huhesabu eda ya miezi 4 na siku 10 tangu mumewe alipofariki, si tangu maiti ilipoonekana. Kwa sisi wa Kapalamsenga, majirani wa Ziwa Tanganyika, hayo si maswali ya kitabuni tu.

Mtu akifa, kinga ya mwili husimama. Bakteria wa tumboni, waliokuwa wakimsaidia kumeng'enya chakula, sasa huanza kula utumbo wenyewe na kutoa gesi. Tumbo huvimba, na ndiyo maana aliyezama huibuka baada ya siku kadhaa. MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, mamia walikufa na wengi walizikwa Igoma. Kazi ya kuopoa miili haikwisha kwa siku moja. Maji ya baridi huwachelewesha bakteria hao. Katika kilindi cha Tanganyika, ambacho mahali pengine hufika mita 1,470, uzito wa maji huibana gesi, na maiti huweza isiibuke kabisa.

Nchi kavu mambo ni tofauti. Ngozi ikipasuka hewa huingia, bakteria wasiopenda hewa hupungua, wengine pamoja na kuvu hushika zamu, na inzi huleta wageni wao. Zamu hizo zina utaratibu kama saa. Mwaka 2024 Jessica Metcalf na wenzake walitangaza utafiti wa maiti 36 zilizowekwa Tennessee, Texas na Colorado nchini Marekani, za watu waliokubali miili yao itumike. (Suala la kutoa mwili lina mjadala wake kwa wanazuoni, leo hatuliingii.) Hali ya hewa ilitofautiana, lakini vijidudu viozeshaji vilikuwa karibu jamii ile ile. Katika wiki 3 za mwanzo waliweza kukisia siku ya kifo kwa tofauti ya takriban siku 3.

Lililotupendeza ni kwamba sampuli zilichukuliwa kwenye ngozi na kwenye udongo wa jirani, bila kupasua maiti. Kujua sababu ya kifo ni jambo jingine, hilo bado ni la daktari.

Kwa wale wawili wa mtumbwi mmoja, saa hii haisaidii kitu, kwani haihesabu dakika. Lakini kwa mjane ambaye mumewe ameokotwa porini, makadirio ya siku 3 yana maana kubwa: akianzia siku ya mwisho ya makadirio, huenda eda yake isipungue.

Wallahu aalam.